Herufi Tatu Juu ya Kaburi la Povu



Miaka michache iliyopita, katika siku za mwisho za Oktoba, mama mmoja mjane wa parokia yetu alifika ofisini baada ya Misa ya asubuhi, simu ikiwa mkononi. Mwanawe wa kwanza anaishi na familia yake nchini Marekani, na usiku ule alikuwa amemtumia picha. Mbele ya nyumba, juu ya majani yaliyokatwa vizuri, yalisimama mawe matatu ya kaburi: ya kijivu, yenye nyufa, yenye madoa ya kijani kama mawe yaliyonyeshewa mvua kwa miaka mingi. Katikati yake alisimama mjukuu wake wa miaka 8 akitabasamu. Mama aliniuliza swali moja: "Padre, nani amekufa huko, na kwa nini hawakuniambia?"

Nilimweleza kwamba hakuna aliyekufa. Niliishi Marekani miaka 4 kwa ajili ya masomo, nikisaidia utume wa parokia mwishoni mwa juma, na mapambo ya namna ile niliyaona kila mwaka. Nilidhani maelezo hayo yangemtuliza. Ndipo aliponiomba niikuze picha. Mawe mawili yalikuwa na majina ya mzaha, kama ilivyo desturi ya huko. La tatu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa mtoto, na jina lililokuwapo lilikuwa la mume wake, babu wa mtoto yule, ambaye tulimzika hapa hapa parokiani miaka 3 kabla. Juu ya jina zilikuwapo herufi tatu: R.I.P.

Ninalisimulia jambo hili kwa ruhusa ya mama huyo. Waamini wetu wengi wana watoto na ndugu katika nchi hizo, na kila mwaka picha za namna hii hufika katika simu zetu pamoja na maswali: Je, ni uchawi? Je, ni dhambi? Au ni mchezo tu wa watoto? Kabla ya kujibu, yafaa tujue kwanza kitu chenyewe ni nini na kilitoka wapi.

Makaburi hayo hutengenezwaje

Usiku wa Oktoba 31 Wamarekani huadhimisha sikukuu iitwayo Halloween. Watoto huvaa mavazi ya kujigeuza, hupita nyumba kwa nyumba baada ya giza kuingia, hubisha hodi na kupewa peremende. Wenye nyumba hupamba ua wa mbele ili watoto waogope kidogo na kufurahi zaidi. Pambo la kawaida kabisa ni boga lililotobolewa macho na mdomo, likawekwa taa ndani. Lakini katika mitaa mingi utakuta pia ua mzima umegeuzwa kuwa makaburi: mawe, uzio wa chuma wa bandia, viunzi vya mifupa ya plastiki, hata mashine ndogo inayotoa moshi unaotambaa chini kama ukungu. Tangu 2020 kimekuwapo madukani kiunzi cha mifupa chenye urefu wa futi 12, kirefu kuliko mlango wa kanisa letu.

Yote hayo huuzwa, lakini familia nyingi huona fahari kuyatengeneza kwa mikono yao, na kazi hiyo huweza kuchukua majuma kadhaa. Mawe huchongwa kutokana na povu gumu, la jamii ile ile tunayoikuta ndani ya boksi la televisheni ikizuia isivunjike. Huko povu hilo huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kama mabamba ya futi 8 kwa 4, yenye unene wa inchi 1 au 2, kwa ajili ya kuzuia baridi isipenye kuta za nyumba. Baba huchora umbo la jiwe juu ya bamba, hulikata kwa kisu chenye makali au kwa waya uliopashwa moto kwa umeme, kisha huchimba herufi. Povu hilo likiungua hutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo mwenye busara hufanya kazi hiyo nje.

Baada ya hapo hufuata rangi. Rangi ya kupulizia kutoka kwenye kopo haitumiki moja kwa moja, kwa sababu viyeyusho vilivyomo hulila povu na kulitoboa. Tabaka la kwanza huwa rangi ya maji ya kijivu. Ikikauka, rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi humwagwa juu ya jiwe, ikatiririka na kuingia katika nyufa na herufi. Mwisho, sponji yenye kijani kidogo hugongwagongwa pembeni, na jiwe la juzi huonekana kuwa la karne mbili zilizopita. Kwa kuwa ni jepesi kama boksi tupu, upepo ungelichukua. Basi nyuma yake hugandishwa kipande cha bomba la plastiki, na bomba hilo huvishwa juu ya nondo iliyopigwa ardhini. Taa zinazowekwa mbele yake huwa za betri, maana povu hushika moto upesi.

Anayetazama kwa makini atagundua kwamba mengi ya mawe hayo huiga makaburi fulani ya kweli. Wapuritani, yaani Waprotestanti Waingereza walioishi Massachusetts katika karne ya 17 na ya 18, walichonga juu ya mawe yao fuvu lenye mabawa. Hawakutaka misalaba wala sanamu za watakatifu. Walitaka apitaye akumbuke kwamba naye atakufa. Fuvu lile lenye mabawa ndilo hata leo huchongwa kwenye povu. Wale wa zamani walilichonga kama fundisho. Wa sasa wengi hulichonga kwa sababu linatisha vizuri.

Mkesha uliopoteza jina lake

Watu wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba jina Halloween ni la Kikanisa. Ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya "jioni ya kuamkia Watakatifu Wote". Ni mkesha wa sherehe yetu ya Novemba 1.

Sherehe hiyo ilikua polepole. Mwanzoni mwa karne ya 7, Papa Bonifasi IV alilitabaruku hekalu la kale la Kirumi liitwalo Panteoni kwa heshima ya Bikira Maria na wafiadini wote, siku ya Mei 13. Karne moja baadaye, Papa Gregori III, aliyeongoza Kanisa tangu 731 hadi 741, alitabaruku kikanisa ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote. Mwaka 835, katika utawala wa Papa Gregori IV, Novemba 1 ilienezwa kuwa siku ya sherehe hiyo katika himaya ya Wafranki. Mnamo 998, Mtakatifu Odilo, abate wa Cluny nchini Ufaransa, aliagiza watawa wake waiweke siku inayofuata, Novemba 2, kuwa siku ya kuwaombea waamini marehemu wote. Desturi hiyo ikaenea katika Kanisa zima. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza iliyokuwa ikiua vijana kwa malaki, Papa Benedikto XV aliruhusu kila padre kuadhimisha Misa 3 siku hiyo. Nasi mapadre tunaitumia ruhusa hiyo hadi leo.

Huko Ireland sherehe hii ilikutana na desturi za kale za Waselti za kuukaribisha mwanzo wa majira ya baridi, wakati ambapo watu waliwasha mioto na kusimulia habari za wafu na mizimu. Waairishi walikuwa pia wakitoboa sura za watu kwenye mizizi mikubwa ya mboga na kuweka mwanga ndani. Katika miaka ya 1840 njaa kuu iliwasukuma Waairishi wengi kuhamia Marekani. Walikwenda na mkesha wao, na huko wakakuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kutobolewa.

Walikwenda pia na imani yao juu ya wafu. Makaburi ya Kikatoliki ya Kalvari katika jiji la New York yalianza kuzika mwaka 1848, njaa ikiwa bado inaendelea, na Waairishi wengi maskini walizikwa humo. Leo watu karibu milioni 3 wamelala katika ardhi ile. Hivyo watu wale wale waliopeleka mchezo wa boga Marekani walikuwa wakati ule ule wakiwabeba wapendwa wao kwenda Kalvari na kuwaombea Misa. Mchezo na sala vilikaa katika nyumba moja. Baadaye mchezo ukaenea kwa watu wa imani zote na wasio na imani, ukawa biashara kubwa, na sala ikabaki kwa wachache. Hata katika kalenda yetu mkesha ule ulipoteza nafasi yake: katika marekebisho ya 1955, chini ya Papa Pius XII, Misa maalumu ya mkesha wa Watakatifu Wote iliondolewa. Tulibaki na Masifu ya Jioni ya kwanza ya sherehe, ambayo waamini wengi hawayajui.

Maandishi yale ni sala

Sasa turudi kwenye zile herufi tatu. Kila mtengeneza kaburi la povu huzichonga, awe Mkristo au la, kwa sababu bila hizo jiwe halionekani kuwa la kaburi. Wengi hudhani ni maneno ya Kiingereza. Kwa asili ni Kilatini: Requiescat in pace, yaani "apumzike kwa amani". Katika Misa ya zamani ya marehemu, padre hakuwaaga watu kwa maneno ya kawaida ya mwisho wa Misa; aligeuka akawaombea marehemu kwa maneno hayo kwa wingi, na wote wakaitikia Amina. Kabla ya hapo, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, Wakristo wa kwanza walikuwa wakichora ukutani jina la mpendwa wao na maneno mawili tu, "katika amani".

Tazama basi jambo la ajabu. Katika mtaa ambao huenda nusu ya watu hawasali kamwe, kila ua una sala ya Kanisa imeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya barabara. Sala hiyo haielezi habari, kama vile "hapa amelala fulani". Inamwomba Mungu ampe mtu fulani pumziko. Anayeiandika anakiri mambo matatu, ajue asijue: kwamba marehemu bado yupo, kwamba Mungu anasikia, na kwamba sisi tulio hai tunaweza kumsaidia aliyetangulia. Hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa juu ya ushirika wa watakatifu na juu ya toharani. Ndiyo imani ya Yuda Mmakabayo, ambaye, tunasoma katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo sura ya 12, alichangisha fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliouawa vitani wakiwa na dhambi.

Juu ya jina la mzaha, sala hiyo inaning'inia hewani, kwa kuwa hakuna wa kuombewa. Juu ya jiwe la yule mtoto ilikuwa na mwenyewe. Hapo ndipo uchungu wa mama yule ulipoanzia: jina la kweli na sala ya kweli vilikuwa vimewekwa juu ya kitu ambacho baada ya siku chache kingerudishwa katika banda la gari pamoja na mifupa ya plastiki.

Kaburi ni nini mbele ya Kanisa

Wakristo wa kwanza waliyaita makaburi yao kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "mahali pa kulala", na neno hilo ndilo lililozaa jina la makaburi katika lugha nyingi za Ulaya. Wapagani walikuwa na "mji wa wafu". Sisi tukawa na bweni. Alalaye huamka. Mtume Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, aliwazungumzia marehemu kama watu waliolala, akawataka waamini wasihuzunike kama wasio na matumaini. Hakuwakataza kuhuzunika. Aliwafundisha namna ya kuhuzunika.

Kwa sababu hiyo kuzika wafu ni tendo la huruma la kimwili. Tobiti aliacha chakula mezani akaenda kumzika ndugu yake wa taifa lake aliyeuawa, ingawa alijua anahatarisha maisha yake. Yosefu wa Arimathaya alitoa kaburi lake jipya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2300, inatufundisha kwamba miili ya marehemu itendewe kwa heshima na mapendo, katika imani na tumaini la ufufuko. Mwaka 2016, Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa maelekezo juu ya mazishi na juu ya uchomaji wa maiti, ambao umeenea sana katika nchi za Magharibi. Yanasema kwamba Kanisa linapendelea maziko ya mwili, na kwamba hata pale maiti inapochomwa, majivu yake hayapaswi kutawanywa hewani wala baharini, wala kwa kawaida kuwekwa nyumbani, bali yahifadhiwe mahali patakatifu. Miongoni mwa sababu zinazotolewa mojawapo inatuhusu hapa: ili marehemu asisahauliwe katika sala za ndugu zake na za jumuiya nzima ya Kikristo.

Kaburi, basi, ni mahali ambapo jina la mtu hulindwa hadi siku ya ufufuko. Wazee wetu walijua jambo hilo hata kabla ya kufundishwa kusoma. Ndiyo maana mama yule hakuuliza kwanza kama mapambo yale ni ya shetani. Aliuliza nani amekufa.

Je, kutengeneza kaburi la bandia ni dhambi?

Hapa inatupasa kupambanua, tusiwatwishe watu mizigo wasiyostahili wala tusiwaache bila mwongozo.

Kuchonga povu, kulipaka rangi na kumfurahisha mtoto wa jirani, kwa kitendo chenyewe, si dhambi. Mtoto anayeogopa giza hujifunza kucheka gizani akiwa ameshika mkono wa baba, na Mkristo ana sababu ya kukicheka kifo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa Kristo amekishinda. Lakini kipo kicheko cha anayejua kwamba adui ameshindwa, na kipo kicheko cha asiyetaka kufikiri. Wazazi wapime ni kipi kinacholelewa nyumbani mwao.

Lipo pia jambo ambalo si mchezo hata likifanywa kwa mzaha. Kuita mizimu, kutafuta habari kwa wafu, kupiga ramli na kutumia mbao za kuuliza roho, mambo yaliyokatazwa tangu Kumbukumbu la Torati sura ya 18 na kurudiwa katika Katekisimu namba 2116, yote hayana nafasi katika nyumba ya Mkristo, Oktoba wala mwezi mwingine wowote.

Kwa familia zetu zilizoko huko, ambazo watoto wao wangejiona wapweke mno kama nyumba yao peke yake ingebaki gizani, natoa mashauri haya ya kichungaji:

1. Msiweke msalaba juu ya kaburi la mchezo, wala sanamu ya mtakatifu, wala mavazi ya padre au mtawa juu ya mifupa. Msalaba ni ishara ya wokovu wetu, nao haufai kuwa kitisho.

2. Msiandike jina la mtu wa kweli, awe hai au marehemu. Jina la aliye hai juu ya kaburi ni laana hata likisemwa kwa kicheko. Jina la marehemu ni la kuombewa.

3. Msionyeshe kifo kilicho jeraha la mtu mwingine: aliyejinyonga, mtoto mchanga, aliyeuawa kwa silaha. Katika mtaa huo huo yupo aliyezika mwaka huu, naye atapita hapo kila asubuhi akienda kazini.

4. Mkizichonga zile herufi tatu, mwambieni mtoto maana yake kabla rangi haijakauka. Kisha salini pamoja "Raha ya Milele" mara moja. Haitachukua dakika 1.

5. Mkesha usiishie mlangoni kwa peremende. Novemba 1 nendeni Misa pamoja, mmwambie mtoto kwamba sherehe ya jana jioni ilikuwa ya kuamkia siku hii. Mumvishe, kama mnaweza, vazi la mtakatifu somo wake. Parokia nyingi za Marekani huwakusanya watoto kwa namna hiyo.

Nilichojibiwa na mtoto

Siku ile nilimwomba mama anipe namba ya mwanawe, nikampigia jioni, yeye mama akiwa ameketi karibu. Kijana aliogopa aliposikia sauti ya padre. Baada ya kusalimiana, alieleza kwamba yeye alichonga mawe mawili, akampa mtoto bamba la tatu na kumwambia aandike jina lolote la mtu aliyekufa. Hakutazama hadi picha ilipokwisha kutumwa, akaona aibu kumweleza mama yake.

Nikaomba kuzungumza na mtoto. Nilimuuliza kwa upole kwa nini aliandika jina la babu. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Babu hana kaburi hapa."

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia, "Padre, huyu mtoto hajawahi kuliona." Ilikuwa kweli. Babu alipofariki, nauli ya familia nzima haikupatikana. Mwana alikuja peke yake kuzika, akarudi baada ya siku 5. Mtoto alikuwa amesikia kwamba babu ana kaburi nyumbani, na katika mtaa ambao kila mtu alikuwa akitengeneza makaburi, aliona hiyo ndiyo nafasi ya babu kupata lake. Kati ya wote waliochonga povu mtaani mwao, huenda ni yeye peke yake aliyekuwa na mtu wa kumkumbuka.

Tulikubaliana mambo matatu. Jiwe lile litolewe uani, bila kumgombeza mtoto. Jina la babu liandikwe tena, safari hii katika kitabu cha marehemu, ambacho parokia nyingi huko huweka karibu na altare mwezi wote wa Novemba, na mtoto mwenyewe ashike kalamu. Na Novemba 2 waende kwenye makaburi ya Kikatoliki yaliyo karibu nao wakasali.

Kijana akauliza swali ambalo nimekuwa nikiulizwa na wengi tangu hapo: "Padre, tukasali kwenye kaburi la nani, nasi hatuna mtu huko?"

Jibu la Mama Kanisa ni pana kuliko tunavyodhani. Kuanzia Novemba 1 hadi 8, mwamini anayetembelea makaburi kwa ibada na kuwaombea marehemu, hata kwa sala ya moyoni tu, anaweza kuwapatia roho za toharani rehema kamili, mara moja kila siku. Masharti ni yale ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo Takatifu, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kujitenga na kila mapendo ya dhambi, hata dhambi ndogo. Si lazima kaburi liwe la ndugu yako. Unaweza kusimama mbele ya msalaba wa mtu usiyemjua, katika nchi ya ugenini, na sala yako ikamfaa baba yako aliyezikwa upande mwingine wa dunia. Na huenda kuna mgeni anayesimama leo mbele ya kaburi lisilo na wenyewe hapa kwetu, akimwombea wake aliye mbali.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Siku ya Novemba 2, huku ikiwa jioni na kule ikiwa asubuhi, mama alisimama kwenye kaburi la mumewe, na mwanawe na mjukuu wakasimama mbele ya makaburi ya watu wasiowajua. Walisali kwa simu, sala moja, wakipokezana. Mtoto aliomba aonyeshwe kaburi, na bibi akaigeuza simu.

Na sisi huku?

Ndugu mpendwa, ni rahisi kusoma habari hizi na kuwashangaa watu wa mbali wanaofanya mzaha na kifo. Lakini mama yule alipoigeuza simu, mjukuu aliona nini? Aliona kaburi lililopalizwa, kwa sababu bibi yake huenda kila mwezi. Je, angeona nini kama lingekuwa la mtu wako?

Sisi hatuchongi povu. Tunapanga vigae, tunanunua marumaru, tunaweka picha iliyochapwa kwenye kioo. Msiba wetu unaweza kuwa na mahema, vipaza sauti na sare, na familia ikabaki na deni la mwaka mzima. Kisha siku ya kumaliza matanga ikipita, nyasi huota, mbuzi hula maua, na Misa ya kwanza ya kumwombea marehemu ndiyo inakuwa ya mwisho. Kaburi la namna hiyo ni la saruji, lakini linafanana na lile la povu kwa jambo moja: zimeandikwa juu yake herufi ambazo hakuna anayezisali.

Basi Novemba hii, ziandikeni sala hizo mahali pake. Leteni majina ya marehemu wenu parokiani mapema ili yaombewe katika Misa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zipange siku ya kufyeka makaburi kati ya Novemba 1 na 8, zikianzia na yale yasiyo na wenyewe. Wachukueni watoto, muwaonyeshe lilipo la babu na la bibi, muwafundishe kulitaja jina na kuitikia. Na wale walio mbali wapigieni simu mkiwa pale pale makaburini, ili nao wasali.

Marehemu wote wapate rehema kwa Mungu, wapumzike kwa amani. Amina.